Kiu Isiyokatika: Miaka Yangu ya Kujifunza Katika Kazi ya Programu

Anayefanya kazi ya programu hamalizi shule. Nililijua hilo tangu mwanzo, na kwa kweli ndilo lililonivuta kwenye kazi hii. Ambacho hakuna aliyeniambia ni kwamba kiu ya kujifunza nayo inataka malezi. Ikiachwa ijiendee tu, inaweza kukupa ujuzi wa kweli, na inaweza pia kukumalizia usingizi, fedha na watu wako huku ujuzi wenyewe umebaki palepale. Nimepita njia zote mbili. Naandika kwa ajili ya yule aliye kwenye miaka ya mwanzo, ambaye kila asubuhi akifungua simu anakuta jina la zana mpya na moyo unamwenda mbio.

Nilianzia kitengo cha huduma kwa watumiaji: kupokea malalamiko, kuangalia hali ya seva, kuwasha kilichozimika. Walionitangulia wakizungumza mambo ya kazi, nusu ya maneno yalikuwa yananipita. Nikawa natembea na kijidaftari. Neno lolote nisilolijua naliandika, jioni nalitafuta. Na neno moja huzaa mengine: ukitafuta DNS, mfumo unaogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya mashine, unakutana na TTL, muda ambao jibu lake linaruhusiwa kuhifadhiwa, TTL inakupeleka kwenye kache, hifadhi ya muda ya majibu, kache inakuteremsha hadi kwenye prosesa na kumbukumbu ya mashine, na usiku umeshakuwa mkubwa. Sikuwa nimewahi kuonja raha ya namna ile. Jambo nililolifanya kila siku bila kulielewa, kuandika anwani ya tovuti na ukurasa ukafunguka, lilikuwa linajifunua hatua kwa hatua: nani anaulizwa kwanza, anajibu nini, jibu linahifadhiwa wapi na kwa muda gani. Kesho yake mtumiaji akilalamika kwamba tovuti imehamishiwa seva mpya lakini yeye bado inamfungukia ya zamani, nilijua sababu, na nilijua asubiri kwa muda gani.

Nikiangalia nyuma, kipindi kile kilikuwa na kila nilichokuja kukitafuta kwa shida baadaye. Swali lilitoka kwenye kazi, na jibu lilirudi kwenye kazi. Wakati ule nilidhani siri yote ni wingi wa saa.

Nilipohamia timu ya kuandika programu, kiu ikabadilika tabia. Humo nilikutana na watu hodari kwelikweli, na kila mmoja alikuwa na lugha au zana anayoisifia. Hofu ikaingia. Nikaacha kutafuta kuelewa, nikaanza kutafuta kutopitwa. Kwa nje huwezi kuiona tofauti, maana mtu bado anasoma usiku, bado anaandika, bado anasifiwa kwa bidii. Kilichobadilika kiko ndani: nikimaliza sura moja sisikii raha, nasikia nafuu, tena nafuu yenyewe haikai, jina jingine jipya likionekana tu imekwisha.

Na majina yalikuwa hayaishi. Nilitumia muda mrefu kwenye Flash, teknolojia ya michoro hai na michezo ya kwenye tovuti, ambayo kuna wakati ilikuwa kila mahali kwenye wavuti. Mwaka 2017 Adobe wakatangaza kuifunga, na tarehe 31 Desemba 2020 ikafungwa kweli. AngularJS, zana ya kujengea kurasa za wavuti, ilitoka 2010, nikaikumbatia. Iliyoifuata mwaka 2016 ilikuwa imeandikwa upya kiasi kwamba msimbo wa zamani haukuhamia bila kazi kubwa, na mwisho wa 2021 ile ya kwanza ikaacha kuhudumiwa. React, nayo ya kujengea kurasa, ilikuja 2013, Docker ya kufungashia programu ndani ya kontena mwaka huohuo, Kubernetes ya kusimamia kontena nyingi kwa pamoja 2014. Python 2, toleo la zamani la lugha ya Python lililobeba programu zetu nyingi ndogondogo za ndani, ikafikia ukomo tarehe 1 Januari 2020. Sizilaumu zana hizi. Nyingine nazitumia mpaka leo na nazipenda. Lakini anayekariri majina ya amri na mpangilio wa mafaili wa kila zana inayopita anajaza ghala ambalo mlango wake wa nyuma uko wazi.

Gharama ya kwanza ilikuwa fedha, na hiyo naipita haraka. Kozi za mtandaoni ni rahisi kununua kuliko kusoma, hasa siku za punguzo, na nilikuwa nazo nyingi ambazo sikufika hata katikati. Vyeti navyo: vingi vya kampuni za teknolojia huisha muda baada ya miaka miwili au mitatu, ukitaka kubaki nacho unajiandaa upya na mara nyingi unalipia mtihani upya. Cheti kina faida pale mwajiri anapokitaka, au unapoingia uwanja mgeni kabisa na unahitaji mtu akupangie nini kitangulie na nini kifuate. Nje ya hapo, kabla hujalipa jiulize utafanya kazi gani hivi karibuni kwa hicho utakachosoma. Ukikosa jibu, weka fedha yako.

Usingizi uliniumiza zaidi, kwa sababu deni lake hulioni siku ileile. Nilikuwa nalala kidogo nikiamini nanunua ujuzi. Lakini ubongo huimarisha tuliyojifunza tukiwa tumelala; ukipunguza usingizi ili usome zaidi, unapunguza palepale ambapo somo linapata kukaa. Mwaka 1993 Anders Ericsson na wenzake walichapisha utafiti juu ya wanafunzi wa fidla huko Berlin, na wengi wanaoutaja hukumbuka maelfu ya saa za mazoezi. Mimi nilipousoma kilinigusa kingine: waliokuwa hodari walilala zaidi kuliko waliokuwa chini yao, hata mchana walijinyoosha kidogo, na mazoezi yao waliyakata vipindi vyenye mapumziko. Niliisoma sehemu hiyo saa nane za usiku, macho yanawasha.

Halafu kuna watu. Jioni moja mwanangu alikuwa ananisimulia ugomvi wao wa mpirani, nani kasema ni goli, nani kakataa, nani kachukua mpira akaondoka nao. Macho yangu yalikuwa kwenye nyaraka za Kubernetes, mdomo unaitikia "ehee", "enhee". Akanyamaza katikati ya sentensi. Hakununa wala hakulalamika. Aliinuka akaenda chumbani kwa dada yake, akaianza hadithi upya toka mwanzo, na huko nikawasikia wakicheka wote wawili. Mume wangu alikuwa kakaa kando yangu. Akasema kwa upole kabisa, "Mama watoto, huyo hatakusubiri umalize kozi." Nilikuwa na majibu mengi ya kumpa, kwamba nasoma kwa ajili yao, kwamba kazi zetu hazingoji mtu. Sikumpa hata moja, kwa sababu nilijua kwamba ukurasa niliokuwa naufungua haukuhusiana na kazi yoyote niliyokuwa nayo mezani mwezi ule.

Kilichonionyesha njia nyingine ni tatizo la kazini, na hili nitalieleza kwa kirefu kwa sababu ndilo lililonigeuza.

Tulikuwa na huduma mbili zinazoongea. Moja inatuma ombi dogo, nyingine inajibu. Ndani ya hii ya pili kazi yenyewe ilikuwa inachukua chini ya milisekunde moja, tulikuwa tumeipima. Ila kwa anayeuliza, jibu lilikuwa linafika baada ya milisekunde 40 na kidogo. Si mara moja moja, ni karibu kila ombi. Maombi yakiwa mengi kwa mfuatano, mtumiaji anaona ukurasa unasuasua. Kwenye kikao kila mtu alikuja na tiba yake: tubadilishe lugha, tuongeze kache, tuhamie kwenye mfumo mpya wa kupokezana ujumbe ambao ulikuwa ndiyo kwanza umeanza kuvuma. Mimi nilikuwa upande wa mfumo mpya, nilikuwa nimeshausoma wikiendi nzima.

Mzee mmoja wa kitengo cha mtandao, mtu wa maneno machache, akaniambia, "Binti, kabla hujabadilisha chochote, tazama kwanza kinachopita kwenye waya." Akakaa nami, tukafungua tcpdump, zana inayoonyesha pakiti, yaani vipande vya data, zinavyopita kwenye mtandao. Mistari ikaanza kushuka kwenye skrini. Pakiti ya kwanza inatoka, ndogo, ina kichwa cha ombi tu. Kisha kimya. Milisekunde 40 za kimya. Kisha upande wa pili unatuma uthibitisho kwamba imefika, na papo hapo, bila kuchelewa hata kidogo, pakiti ya pili yenye mwili wa ombi inatoka. Ombi linalofuata, vilevile. Linalofuata, vilevile. Kimya kile kilikuwa na urefu uleule kila mara, na mzee akanigusia kwamba mtandao ulioelemewa haungeweza kuchelewa kwa usawa hivyo. Palikuwa na saa mahali inahesabu.

Alinieleza taratibu. Mwaka 1984 John Nagle aliandika waraka, RFC 896 (mmoja wa nyaraka za kiufundi za mtandao), kuhusu balaa la pakiti ndogondogo: mtu anabonyeza herufi moja, baiti moja ya data inasafiri na baiti 40 za vichwa. Dawa yake ni kwamba ukiwa na data kidogo ya kutuma na bado kuna iliyotangulia haijathibitishwa, ngoja. Upande wa mpokeaji nako kuna busara nyingine ya zama zilezile: usikimbilie kutuma uthibitisho mtupu, subiri kidogo, huenda programu ikawa na jibu la kutuma, vikaenda pamoja. Kila moja peke yake ni nzuri. Zikikutana na programu inayoandika ombi lake kwa vipande viwili, zinakwama: mtumaji anangoja uthibitisho ndipo atoe kipande cha pili, na mpokeaji anangoja jibu la programu ambayo haiwezi kujibu kwa kuwa nusu ya ombi haijafika. Kinachowaokoa ni saa ya mpokeaji kuisha muda, na kwenye mfumo endeshi wa Linux saa hiyo mara nyingi ni milisekunde 40.

Tulienda kwenye msimbo wetu tukakuta kweli, kichwa kinaandikwa kivyake na mwili kivyake. Tukaviunganisha vikaandikwa kwa mkupuo mmoja. Mabadiliko ya mistari michache. Zile milisekunde zikatoweka.

Sikulala mapema usiku ule pia, lakini kwa sababu nyingine. Niliusoma waraka wa Nagle wote. Ni kurasa chache na umeandikwa kwa lugha safi. Nilikuwa nawaza kwamba miaka yote ile nilikuwa nakimbiza vilivyotoka juzi, na kilichotatua shida ya mfumo wetu mpya ni maarifa ya 1984. Raha ya kile kipindi cha kwanza ilirudi yote.

Tangu hapo kila zana mpya naiuliza swali moja: umekalia nini? Na mara nyingi jibu linanipeleka kwa vilevile. Vint Cerf na Bob Kahn walichapisha wazo la TCP, kanuni za mashine kupelekeana data mtandaoni, mwaka 1974, na ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, ilihamia rasmi kwenye TCP/IP tarehe 1 Januari 1983. Edgar Codd aliandika kuhusu kanzidata za uhusiano, zinazopanga data kwenye majedwali, mwaka 1970, na hadi sasa SQL, lugha ya kuziuliza, ndiyo inayolisha sehemu kubwa ya kazi zetu. Mfumo endeshi wa Unix ulianza 1969. Kontena zilipovuma, wengi tulikimbilia kukariri amri za Docker, na chini yake ni uwezo wa kiini cha Linux wa kuzitenga prosesi, yaani programu zinazoendeshwa, zisionane na kuziwekea kikomo cha kumbukumbu na prosesa. Cgroups, sehemu ya hicho kikomo, ziliingia kwenye Linux mwaka 2008, miaka kadhaa kabla ya Docker yenyewe. Nilipotenga muda wa kuzichezea hizo moja kwa moja kwenye mashine yangu bila Docker, Kubernetes iliyokuwa imenila jioni nyingi ikaanza kusomeka kama kitu chenye mantiki. Kontena ikiuawa kwa kuzidisha kumbukumbu, sikubahatisha tena. Nilijua nani kaiua na kwa sheria ipi.

Kwa hiyo nenda chini. Chukua kitu kimoja unachokitumia kila siku na ukifuate hadi mahali ambapo huwezi kuuliza "kwa nini" tena. Inachosha, na wiki za mwanzo unaonekana umebaki nyuma ya wenzako wanaotaja majina mapya. Vumilia. Zana mpya zinazogusa kazi yako moja kwa moja zisome siku unayozihitaji. Zisizogusa zipe muda zikomae. Zile zilizo na maana zitakuwepo, tena zitakuwa na nyaraka bora na watu walioshapigana na hitilafu zake.

Namna ya kusoma nayo niliibadilisha. Zamani nilikuwa nasoma ukurasa, napigia mstari, narudia, najiona nimeelewa. Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885, kwa kujipima yeye mwenyewe, jinsi tunavyosahau kwa kasi mwanzoni kisha polepole. Na mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilinganisha wanafunzi waliosoma andiko na kulirudia na wale waliolisoma kisha wakajipima kwa kulikumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia walikuwa mbele. Baada ya siku mbili, na baada ya wiki, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Sasa nikimaliza sehemu nafunga kila kitu, nachukua karatasi tupu, nachora nilichoelewa: pakiti inatoka hapa, inafika pale, nani anangoja nani. Penye pengo ndipo ninaporudi kusoma, na pengo huwa lipo. Kisha naharibu kitu kwa makusudi kwenye mashine ya majaribio, nakata mtandao katikati ya muamala au najaza diski, niangalie mfumo unalia vipi. Ukishaona kilio chake ukiwa umetulia, siku ya dharura hutetemeki.

Kuhusu moyo wenyewe, nilifarijika sana nilipokutana na kazi ya Robert Vallerand, mwanasaikolojia wa Kanada. Mwaka 2003 yeye na wenzake walitofautisha shauku za aina mbili. Kuna ile inayokaa vizuri na maisha mengine ya mtu, ambayo yeye ndiye anaiongoza. Na kuna ile inayomwongoza yeye, inayobebwa na mambo kama hofu ya kushuka thamani mbele ya wengine, ambayo mtu hawezi kuiacha hata inapomuumiza. Miaka yangu ya mwanzo ilikuwa ya kwanza, iliyofuata ikawa ya pili, na kitu nilichokuwa nakipenda ni kilekile. Nilikuwa nimeshaanza kudhani dawa ni kupunguza mapenzi ya kazi. Haikunilazimu. Ninachojipima nacho sasa ni kama naweza kukiweka chini. Saa ya watoto ikifika nikaweza kufunga kompyuta nikiwa katikati ya jambo tamu, na kesho nikalirudia kwa hamu, niko salama. Nikifunga na mwili ukabaki mezani huku akili inawashwa, najua hofu imesharudi, na siku hiyo sisomi kipya chochote.

Ilirudi kwa nguvu mwisho wa 2022, ChatGPT ilipotoka. Ghafla kila mtu alikuwa anasema kazi yetu imekwisha, na mimi na ukongwe wangu nikajikuta usiku nafungua kozi tano kwa pamoja. Nikajizuia kwa swali langu la kawaida: umekalia nini? Chini yake kuna muundo uitwao transfoma uliochapishwa 2017 na watafiti waliokuwa wengi wao Google, na chini ya huo kuna kuzidisha matriki, uwezekano, na kutabiri kipande kinachofuata cha maandishi. Hisabati hiyo ni ya zamani. Niliirudia taratibu kwa miezi, kwenye muda wangu uleule wa kila siku, na hofu ikapungua kadiri uelewa ulivyoongezeka. Zana hizo nazitumia sana. Ila ninapojifunza kitu, sikubali iniandikie jibu kabla sijajaribu. Naitaka iniulize maswali, nami nijibu bila kuangalia popote. Pia nahakikisha kwa majaribio kile inachoniambia, kwa sababu huongea kwa uhakika uleule iwe imepatia au imekosea.

Na wewe unayeongoza timu, wape watu muda wa kujifunza ndani ya saa za kazi. Kuwasifu wanaosoma usiku ni kuwachosha wengine na kuwafukuza wenye watoto wadogo au wazazi wa kuuguza, na hao si wachache. Sisi tumetenga Ijumaa asubuhi. Mtu mmoja anachukua hitilafu iliyotusumbua wiki hiyo, anaieleza hadi chini kabisa, wengine wanamuuliza. Ijumaa iliyopita alikuwa kijana aliyejiunga karibuni. Alituonyesha kwa nini hoja moja ya SQL ilikuwa inapitia jedwali zima wakati faharasa, orodha ya kutafutia haraka, ipo: tulikuwa tumeifunga safu ndani ya fomula ya kubadilisha herufi kuwa ndogo, na faharasa ilijengwa juu ya safu kama ilivyo, kwa hiyo PostgreSQL, kanzidata yetu, haikuwa na namna ya kuitumia. Akajenga faharasa juu ya fomula yenyewe mbele yetu, akaendesha hoja upya, na mpango wa utekelezaji ukabadilika tukiangalia. Kisha akatueleza takwimu ambazo PostgreSQL hujikusanyia juu ya faharasa ya namna hiyo, jambo ambalo mimi sikulijua kabisa. Zamu inayofuata ni yangu.